Shilingi 500, Uniti 16: Bei ya Stima Mombasa Inatoka Wapi

Nyumba ninayoizungumzia iko Majengo, nyumba ya Kiswahili ya kawaida: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, ua nyuma, baraza mbele, na mita moja ya stima ukutani nyuma ya mlango. Mwenye nyumba ni mama aliyeirithi kwa wazazi wake. Wapangaji humchangia, yeye hununua tokeni kwa simu, na akishazibonyeza zile tarakimu 20 kwenye mita vyumba vyote sita hupata stima. Jioni moja ya kaskazi, msimu wetu wa joto, nilikuwa nimeketi naye barazani ujumbe ulipoingia. Akanipa simu.

"Hebu nisomee, mwanangu, miwani nimeiacha ndani."

Nikamsomea. Pesa alizotuma ni 500. Uniti ni 16 na nukta. Kisha mistari miwili inayozigawa zile 500: kiasi cha tokeni, na chini yake makato mengine.

"Kumi na sita," akasema. "Dadangu anakaa peke yake Mtopanga. Wiki iliyopita katuma mia tano hizi hizi, kapata ishirini na tano. Waya ni zile zile, kampuni ni ile ile. Kuna mtu ananiibia?"

Hakuna anayemwibia, na hilo halifanyi jambo lenyewe kuwa la haki. Jibu la swali lake linaanzia kwenye mita yake, linavuka Makupa hadi kwenye injini za Kipevu, linapanda hadi visima vya mvuke vya Olkaria na mitambo ya upepo ya Loiyangalani, na sehemu yake kubwa imo kwenye mikataba iliyotiwa saini miaka mingi nyuma. Nimejaribu kulifuata hatua kwa hatua kwa sababu naona wengi wetu tunalaumu kitu kisicho chenyewe: tunalaumu mita, tunalaumu wakala, tunalaumu friji ya jirani.

Ndani ya uniti moja

Uniti ni wati 1,000 zikitumika kwa saa moja. Pasi ya wati 1,000 ikikaa moto saa nzima imekula uniti moja. Balbu ya wati 10 itawaka saa 100 ndipo iimalize.

Bei ya msingi ya uniti hupangwa na EPRA, mamlaka inayodhibiti kawi na petroli, baada ya Kenya Power, kampuni inayotuuzia stima, kupeleka maombi na wananchi kuitwa kutoa maoni. Mapitio yaliyoanza kutumika Aprili 2023 yaliwagawa wateja wa majumbani mafungu matatu. Anayetumia hadi uniti 30 kwa mwezi aliwekewa shilingi 12.22 kwa uniti. Anayezidi 30 bila kupita 100, shilingi 16.30. Anayepita 100, shilingi 20.97. Kabla ya hapo fungu la chini, lile la unafuu, lilikuwa linafika hadi uniti 100.

Watu walizungumza sana juu ya bei kupanda mwaka ule. Mimi naona kilichoumiza zaidi ni kule kushushwa kwa mpaka. Mtu wa Likoni aliyekuwa akitumia uniti 60 hakuongeza hata balbu nyumbani kwake, lakini alilala akiwa mwenye kusaidiwa, akaamka akihesabiwa miongoni mwa wanaojiweza.

Juu ya bei hiyo ya msingi hupandishwa mizigo mingine. Kuna ada ya mafuta, ambayo hubadilika kila mwezi kulingana na mafuta yaliyochomwa kuzalisha stima na bei yake. Kuna ada ya fedha za kigeni, inayofuata thamani ya shilingi. Kuna marekebisho ya mfumko wa bei kila baada ya miezi sita, senti chache za maji ya mabwawa, senti chache za EPRA yenyewe, na asilimia 5 ya bei ya msingi ya kupeleka stima vijijini. Halafu VAT ya asilimia 16. Hiyo VAT haitozwi kwenye bei ya msingi peke yake. Inatozwa pia kwenye ada ya mafuta na ya fedha za kigeni. Kwa hiyo meli ya mafuta ikija na bei mbaya, unalipia mafuta, kisha unalipia ushuru wa mafuta hayo.

Tupige hesabu kwa bei hizo za 2023. Tuseme ada ya mafuta na ya fedha za kigeni zikijumlishwa ni shilingi 4.50. Hiyo nimeichukua kwa mfano tu. Kumekuwa na miezi ambayo jumla yake ilipita hata mara mbili ya hapo. Mteja wa fungu la kati: 16.30 na 4.50 ni 20.80. VAT yake ni 3.33. Asilimia 5 ya vijijini ni senti 82. Jumla inakaribia shilingi 25, kwa hiyo 500 zitampa uniti 20. Fanya hesabu hiyo hiyo kwa fungu la chini, uniti inafika shilingi 20, na 500 zinaleta uniti 25. Fungu la juu uniti ni kama shilingi 30.60, na 500 zinaleta 16 na nukta.

Ishirini na tano za Mtopanga na kumi na sita za Majengo ndizo hizo.

Mita haihesabu vichwa

Unaingia fungu gani? Kampuni hutazama wastani wa matumizi yako ya miezi mitatu, na ukishawekwa kwenye fungu, uniti zako zote zinatozwa bei ya fungu hilo, kuanzia ya kwanza. Wengi hudhani kwamba uniti 30 za mwanzo huwa za bei nafuu kisha bei ndiyo inapanda. Sivyo.

Sasa rudi kwenye ile nyumba ya vyumba sita. Pangaboi la kawaida linakula wati 75 hivi. Liwashe saa 10 za usiku, ni robo tatu ya uniti. Kwa usiku 30, uniti 22 na nusu. Ongeza balbu moja na kuchaji simu, chumba kinafika uniti 25. Mpangaji huyo hana friji, hana pasi, anapikia jiko la makaa uani. Angekuwa na mita yake mwenyewe angekuwa ndani ya fungu la unafuu bila wasiwasi. Lakini vyumba sita vikijumlishwa vinafika uniti 150, na mita iliyo nyuma ya mlango inaripoti uniti 150, basi. Kwa hesabu za kampuni hapo pana familia moja yenye maisha mazuri, sawa na nyumba ya ghorofa kule Nyali yenye friji mbili na mashine ya kufulia. Kila mpangaji analipa zaidi ya shilingi 10 za ziada kwa kila uniti, karibu shilingi 265 kwa mwezi kwa chumba. Kwa nyumba nzima ni karibu 1,600.

Na angalia hilo pangaboi. Limekula uniti 22 na nusu kati ya 30, kabla hata taa haijawashwa. Mpaka wa uniti 30 ni ule ule kwa mtu wa Limuru anayevuta blanketi mwezi wa Julai na mtu wa Kisauni anayelala na mtoto mwenye vipele vya joto mwezi wa Februari. Mimi siamini kuwa waliouchora mpaka huo walikusudia kutukomoa watu wa pwani. Naamini hakuna aliyewauliza kaskazi ni nini.

Kabla sijaiacha mita, niseme neno juu ya imani moja ninayoisikia kila mtaa: kwamba ukinunua tokeni mwanzo wa mwezi unapunjwa, afadhali ungoje katikati. Imani hiyo ilikuwa na ukweli zamani. Hadi 2018 kila mteja wa nyumbani alikatwa ada isiyobadilika ya shilingi 150 kwa mwezi, na ilikatwa kwenye ununuzi wa kwanza, kwa hiyo tokeni ya kwanza ilikuja imepungua. Ada hiyo ilifutwa. Siku hizi ndani ya mwezi mmoja bei ni ile ile, ununue mara moja au mara kumi; kinachoibadilisha ni mwezi mpya kuja na ada zake, au wewe kuhamishwa fungu.

Anayetuuzia naye ananunua

Hapa ndipo mambo yanapochanganya watu. Kenya Power, tunayemlipa, si yeye mwenye mabwawa wala visima vya mvuke. Yeye hununua stima kwa wanaoizalisha na kutusambazia. Muuzaji wake mkubwa ni KenGen, shirika ambalo serikali ina asilimia 70 ya hisa zake. Wengine ni kampuni binafsi, na nchi jirani: Ethiopia, Uganda, na sasa Tanzania.

Namna anavyowalipa ni muhimu kuliko anachowalipa. Fikiria mzazi wa Bamburi anayekodi tuktuk ya kuwapeleka watoto shule. Wamepatana kwa mwezi: kiasi fulani ili tuktuk iwepo kila asubuhi saa kumi na mbili, na petroli juu ya mzazi. Shule zikifungwa, petroli hainunuliwi, lakini ile pesa ya mwezi italipwa, kwa sababu dereva ameweka chombo chake tayari na ana mkopo wa benki. Mikataba mingi ya stima iko hivyo. Kuna malipo ya mtambo kuwa tayari, na kuna malipo ya stima yenyewe inapotoka. Mtambo ukikaa mwezi mzima bila kuunguruma, malipo ya utayari yanaendelea.

Mpango huo una sababu yake. Hakuna anayejenga mtambo wa mabilioni kwa ahadi ya "tukikuhitaji tutakuita". Benki inataka kuona mkataba wa miaka 20 au 25. Tatizo ni wakati mikataba inapotiwa saini. Kuanzia 1999 hadi 2000 ukame uliyakausha mabwawa ya mto Tana, na nchi ikaingia kwenye mgao wa stima. Nchi iliyo gizani haina nguvu ya kupatana bei. Inachukua kinachoweza kujengwa haraka, na kinachojengwa haraka ni injini za mafuta. Mombasa ndiyo ilikuwa mahali pake, kwa kuwa meli za mafuta zinashusha hapa hapa. Mtambo wa kwanza wa dizeli wa KenGen pale Kipevu, megawati 75 (megawati moja ni wati milioni moja), ulikuwa umeshaanza 1999. Wa kampuni binafsi ya Tsavo, megawati 74, ukafuata 2001 kwa mkataba wa miaka 20. Baadaye ukaja wa Rabai, megawati 90, na mwaka 2011 Kipevu III, megawati 120.

Mji huu na injini za stima wamejuana zamani. Historia ya stima nchini inaanza na jenereta ya Seyyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, ambayo mwaka 1908 ilinunuliwa na mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, na kuletwa huku. Kampuni iliyozaliwa hapo iliunganishwa na ya Nairobi mwaka 1922, na huo ndio ukoo wa Kenya Power ya leo.

Mwaka 2021 Rais Uhuru Kenyatta aliunda kamati iliyoongozwa na John Ngumi ichunguze mikataba hiyo. Ilikuta kwamba kampuni binafsi zilikuwa zikileta karibu robo ya stima, na kuchukua karibu nusu ya pesa za kununulia stima. Baada ya ripoti, Januari 2022, bei ilishushwa kwa asilimia 15, na wananchi wakaahidiwa asilimia 15 nyingine. Hiyo ya pili haikuja. Mikataba haivunjwi kwa tangazo. Ukiivunja unashtakiwa, na gharama ya kushtakiwa inarudi kwa yule yule mwenye mita. Kinachoiondoa kwa amani ni muda. Mkataba wa Tsavo uliisha 2021, mtambo ukaondoka, na malipo yake ya utayari yakaisha nao.

Mfano unaoniuma zaidi hauhusu mafuta hata kidogo. Kule Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, kulisimamishwa mitambo 365 ya upepo yenye megawati 310. Ilikuwa tayari 2017. Laini ya kuisafirisha stima hiyo hadi Suswa, zaidi ya kilomita 400, ilikuwa haijakamilika, na mkataba ulisema mwekezaji akiwa tayari na laini haipo, mwekezaji alipwe. Laini iliwashwa Septemba 2018. Kwa muda wote huo upepo ulivuma bila kumfikia mtu, na faini ikalipwa.

Ndiyo maana sikuhuzunika Juni 2019 Jopo la Kitaifa la Mazingira lilipofuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe uliopangwa Lamu. Wenyeji walipigania bahari yao na afya zao, na walikuwa na haki. Lakini kulikuwa pia na hesabu hii: mtambo ule ungekuwa wa megawati 1,050, wakati nchi nzima, saa ya matumizi makubwa kabisa, ilikuwa ikitumia kama 1,900. Ungejengwa, tungekuwa tunalipia utayari wake hadi leo, uwashwe usiwashwe.

Nani awashwe, saa ngapi

Kuchagua chanzo cha stima basi kuko kwa aina mbili. Kuna uchaguzi wa miaka 20, unaofanywa kwa saini. Na kuna uchaguzi wa kila saa, unaofanywa na wahandisi wa kituo cha udhibiti cha Juja Road, Nairobi, kwa sababu stima haiwekwi ghalani. Inayozalishwa sasa ni lazima itumike sasa.

Kanuni yao ni rahisi kuieleza: anza na ya bei ya chini, maliza na ya juu. Mvuke wa ardhini wa Olkaria unatangulia. Ndio uti wa mgongo wa nchi, karibu mbili kwa tano ya stima yetu, na haujali mvua wala jua. Upepo unachukuliwa unapovuma, maana mkataba unataka ulipwe hata usipochukuliwa. Jua linaingia mchana. Ule mtambo wa megawati 40 wa kule Langobaya, Malindi, unaangukia hapo. Stima ya Ethiopia inakuja kwa laini ya kilomita 1,045 tangu mwishoni mwa 2022, kwa bei ya senti 6.5 za dola kwa uniti. Maji ya Masinga, Gitaru na ndugu zao huwekewa akiba, kwa sababu bwawa unaweza kulifungua na kulifunga haraka. Injini za mafuta zinaachwa mwisho.

Sasa tazama siku inavyokwenda. Kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa nne usiku kila mtu yuko nyumbani: taa, televisheni, pasi ya sare za shule, mama wa viazi karai amewasha balbu yake nje. Jua limezama, kwa hiyo Langobaya imelala. Upepo unaweza kuwa umetulia. Mwaka 2025 kilele hicho kilipita megawati 2,300. Kitu kitakachojaza pengo hilo ni maji, na maji yakiwa haba, injini za Kipevu na Rabai. Saa nane usiku mahitaji yameshuka hadi karibu nusu. Hapo kule Olkaria mvuke uliochimbwa kwa mabilioni ya mkopo huachiwa hewani, kwa sababu hakuna wa kuutumia na kisima hakifungwi kama bomba la jikoni.

Saa mbili usiku tunachoma mafuta, saa nane usiku tunamwaga mvuke, na mwenye mita analipa bei ile ile saa zote mbili. Viwanda vilipewa punguzo la usiku tangu Desemba 2017. Mwenye nyumba hajapewa. Mama wa Kongowea anayegandisha barafu za ubuyu angeweza kuiacha friza yake ifanye kazi usiku wa manane na kuizima jioni, akajisaidia na kuisaidia nchi. Kwa sasa hana sababu ya kujisumbua.

Kwa Mombasa kuna jambo jingine. Sisi tuko mwisho wa waya. Kwa miaka mingi pwani ilitegemea laini ya kutoka Kiambere hadi Rabai na zile injini zake. Laini kubwa ya kutoka Nairobi, kilomita 482, ilikamilika 2017. Stima iliyosafiri mbali hivyo huchoka, na injini iliyo jirani huishikilia isizidi kulegea. Kwa hiyo kuna saa ambazo Kipevu au Rabai huwashwa hata kama mahali pengine kuna stima ya bei nafuu, ili taa za Mombasa zisipepese na mashine za bandarini zisisimame. Mafuta hayo hayalipwi na watu wa Mombasa peke yao. Ada ya mafuta hugawanywa kwa nchi nzima, kama vile sisi tunavyochangia dizeli ya miji ya kaskazini isiyofikiwa na laini kuu.

Kama haichomi mafuta, mbona ghali?

Swali hili niliulizwa na kijana wa duka la simu Mwembe Tayari, na ni zuri. Tunaambiwa karibu tisa ya kumi ya stima ya Kenya inatokana na mvuke, maji, upepo na jua. Vitu hivyo ni bure. Mbona basi?

Ni bure baada ya kuvilipia. Kisima cha mvuke kinachimbwa zaidi ya kilomita moja kwenda chini, na pesa zote zinatoka mwanzo, kabla ya uniti ya kwanza. Pesa hizo zimekopwa, na mikopo mingi ni ya dola, euro au yen. Shilingi ilipoanguka hadi karibu 160 kwa dola mwanzoni mwa 2024, hakuna mvuke uliopanda bei Olkaria, lakini deni la kisima lilipanda, na malipo ya mikataba ya dola na euro yakapanda nalo. Ada ya fedha za kigeni ikaruka. Shilingi ilipopata nguvu na kurudi karibu 130, ada ikashuka, na tokeni zikaongezeka kidogo. Yule kijana aliliona ongezeko hilo kwenye simu za wateja wake na akadhani serikali imetoa ruzuku.

Halafu kuna inayopotea njiani. Kati ya kila uniti 100 zinazonunuliwa, zaidi ya 20 hazifiki kwenye mita ya mtu: nyingine zimeliwa na joto la waya ndefu na transfoma zilizozidiwa, nyingine zimeibwa kwa waya za kuunganisha kienyeji. EPRA huweka kikomo cha upotevu ambao kampuni inaruhusiwa kuuingiza kwenye bei, na unaozidi hapo kampuni hubeba yenyewe. Hata hivyo ule ulioruhusiwa tu ni mzigo mkubwa kwa anayelipa kihalali.

Wenye uwezo wameanza kujitoa. Hoteli na viwanda vinaweka paneli za jua juu ya mapaa yao, na siwalaumu. Jua la Mombasa si la kuchezewa. Ila malipo ya utayari, madeni ya visima na gharama za laini hazipungui wao wakiondoka. Zinabaki zigawanywe kwa watu wachache zaidi, na wanaobaki ni wale wasio na paa lao wenyewe. Mpangaji wa Majengo hawezi kuweka paneli juu ya paa la mtu, na hata akiwekewa, pangaboi lake linafanya kazi usiku. Bila betri, jua la saa sita mchana halimfai.

Niliporudi kwa yule mama nilimweleza kwa ufupi: fungu lake, vyumba sita, mita moja. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama kila chumba kingeweza kupata mita yake. Kinaweza. Anaomba kwa kampuni mita za kutenganisha, kila moja kwa jina la mteja wake, lakini kwanza waya za nyumba zitenganishwe na fundi aliyeidhinishwa, na gharama za kuunganishiwa zilipwe kwa kila mita. Zile mita ndogo za madukani ambazo wenye nyumba huzifunga ndani hazisaidii hapa. Zinamaliza ugomvi wa nani katumia nini, lakini nje inabaki mita moja na fungu la juu.

"Waya hizi kazivuta marehemu baba," akasema, akitazama dari. "Na wapangaji wenyewe leo wapo, kesho wamehama."

Nikamwambia pia kwamba bei zikipitiwa tena, EPRA huitisha mikutano ya maoni, na kwamba jambo la mpaka wa uniti 30 na joto la pwani linafaa lipelekwe huko na watu wanaolala chini ya mapangaboi. Akaniuliza mikutano hiyo hufanywa saa ngapi. Kwa kawaida ni asubuhi, siku za kazi. Asubuhi wapangaji wake wawili wako bandarini, mmoja yuko sokoni Kongowea, mmoja anaendesha tuktuk.

Akaniagiza nimwandikie ile hesabu kwenye karatasi: uniti 25 mara vyumba sita, na hizo shilingi 265. Aliikunja, akaitia kwenye kibweta anamoweka hati ya nyumba, akasema siku ya mkutano atakwenda yeye.